Maneno Kumi Ubaoni, Kinywani Hakuna

Wiki hii, wasikilizaji wapenzi, nataka tuzungumzie jambo linaloonekana dogo: jinsi tunavyowafundisha watoto wa shule za msingi maneno mapya ya Kiingereza.

Tuanzie Tumati, wilayani Mbulu. Wenyeji wengi wa huko ni Wairaqw, ambao sisi wa mjini tumezoea kuwaita Wambulu. Lugha yao si ya Kibantu. Ni ya Kikushi, ndugu wa mbali wa Kisomali na Kioromo. Mtoto wa huko nyumbani huita maji "ma'ay". Shuleni anakuta ni "maji". Kisha mwalimu wa Kiingereza anamwambia ni "water". Kitu kimoja, majina matatu. Na hilo la tatu analifikia kwa kupitia la pili, ambalo bado analizoea. Mtoto wa Kariakoo hana safari ndefu kiasi hicho. Hata hivyo, mara nyingi wote wawili hufundishwa kwa njia ileile.

Njia yenyewe mnaifahamu. Mwalimu anaandika ubaoni maneno kumi, na mbele ya kila neno maana yake kwa Kiswahili. Watoto wananakili, darasa linaitikia kwa sauti moja, kengele inalia. Kesho yanaandikwa mengine kumi. Simlaumu mwalimu mwenye watoto wengi na vitabu vichache. Lakini kunakili neno si kulijua.

Kwanza, tafsiri ya neno kwa neno hudanganya. Sisi tuna mpunga shambani, mchele dukani na wali sahanini. Mwingereza vyote huviita "rice". Mjomba na baba mdogo kwake wote ni "uncle". Lakini sisi tunaposema mkono, yeye hugawa: "arm" na "hand". Mtoto aliyenakili kwamba "hand" ni mkono, akiumia juu ya kiwiko atasemaje?

Pili, Kiswahili tunakiandika kama tunavyokitamka. Kiingereza sivyo. Neno "knife" linaanza na k isiyotamkwa. Mtoto anayeliona kabla ya kulisikia atalisoma Kiswahili, na kosa hilo litamganda. Sikio litangulie, jicho lifuate.

Tatu, neno halikai kichwani kwa kukutana nalo mara moja. Hukaa kwa kurudiwa leo, kesho na wiki ijayo, kila mara katika sentensi nyingine.

Basi mwalimu afanyeje? Achukue maneno matano badala ya kumi. Ashike jembe mbele ya darasa na aseme, "This is a hoe." Watoto wasikie, watamke, kisha waagizane kwa Kiingereza kulichukua na kulipeleka. Baada ya hapo ndipo waandike. Jembe, ndoo, kuni, mahindi na maharage vipo Tumati. Havihitaji fedha ya mfadhili. Boksi kuukuu likikatwa linatoa kadi za mwaka mzima. Tena yapo maneno ambayo mtoto anayo tayari bila kujua: sweta na blanketi za kujikinga na baridi ya Mbulu, baiskeli, kabichi. Hayo ni daraja, tulitumie.

Na ni maneno gani ya kuchagua? Mwaka 1953 Michael West, mwalimu aliyewahi kufanya kazi Bengal, alichapisha orodha ya maneno yapatayo 2,000 ya Kiingereza yenye manufaa zaidi kwa mwanafunzi. Funzo lake ni kwamba maneno hayalingani kwa faida. Mtoto wetu anajua "elephant", lakini hajui "explain", "compare" wala "describe", maneno ambayo maswali ya mitihani huanza nayo.

Hapo ndipo penye uzito. Shule zetu za msingi za serikali hufundisha kwa Kiswahili tangu mwishoni mwa miaka ya 1960. Mtoto akivuka kuingia kidato cha kwanza, anakuta biolojia, jiografia na hisabati vyote ni kwa Kiingereza. Mwaka 1984 wataalamu Criper na Dodd waliripoti kwamba Kiingereza cha wanafunzi wengi wa sekondari nchini kilikuwa chini mno, hata hakikufaa kujifunzia masomo mengine. Mtoto mwenye akili ya biolojia anaonekana mjinga wa biolojia, kumbe alichokosa ni maneno tu. Mzazi ameuza ng'ombe ampeleke shule, naye anakaa nyuma ya darasa, kimya.

Mabishano ya lugha ipi ifundishie sekondari ni marefu, na leo siyagusi. Maadamu mambo ndivyo yalivyo, mimi naona haki ya mtoto ni kupewa maneno machache yanayofanya kazi.

Nanyi wazazi, jioni msiulize, "Leo mmeandika mangapi?" Mwambieni mtoto, "Nitumie moja nisikie." Hata kama hamjui Kiingereza, mtamjua anayejikwaa na anayesema.

Hadi wiki ijayo, kwaherini.