Kemikali huangamiza askari wa udongo kabla ya mwizi

MKULIMA wa nyanya anayeng'oa mche uliodumaa na kukuta mizizi imejaa vinundu huwa amemtambua adui wake: minyoo fundo, viumbe wasioonekana kwa macho. Wasilolijua wengi ni kwamba katika udongo uo huo mna minyoo wengine ambao riziki yao ni kuwala wenzao.

Wawindaji hao, waitwao mononkidi, wana kinywa mfano wa pipa, chenye jino. Tangu mwaka wa 1917, mwanasayansi wa Marekani Nathan Cobb alipendekeza watumiwe kupambana na minyoo waharibifu.

Udhaifu wao ni kemia ya udongo. Mononkidi huishi katika utando mwembamba wa maji unaozingira chembe za udongo, na sumu iliyoyeyuka humo hupenya ngozi yake. Amonia inayotokana na mbolea humdhuru, sawa na madini ya shaba yaliyomo katika baadhi ya dawa za ukungu. Mtaalamu wa Uholanzi Tom Bongers alipowapanga minyoo wa udongo mwaka wa 1990, kuanzia daraja la 1 la wastahimilivu hadi la 5 la wepesi kudhurika, mononkidi waliangukia la 4.

Minyoo fundo nao wamejikinga. Jike hujificha ndani ya mzizi na kutaga mamia ya mayai katika ute mzito. Dawa ikiisha nguvu, kizazi kipya huweza kukomaa kwa takriban mwezi mmoja katika udongo wenye joto, ilhali mwindaji huzaana polepole. Hapo mkulima hurudi dukani kununua dawa ile ile, na muuzaji, bila shaka, halalamiki.

Katika maeneo ya mahindi kama Uasin Gishu na Trans Nzoia, matumizi ya miaka mingi ya mbolea ya DAP yamechangia kuongeza asidi. Bakteria wanapoigeuza amonia ya mbolea hiyo kuwa naitreti, asidi huachwa udongoni. Chokaa hupunguza asidi hiyo, mradi udongo upimwe kwanza ili kiasi kifaacho kijulikane. Isitiwe pamoja na DAP wala samadi mbichi, kwani huchochea gesi ya amonia. Samadi itumiwe ikiwa imeoza kabisa.