Mbao Ndani ya Kasha la Nyuklia

Mtu akisikia kwamba mafuta ya nyuklia yaliyokwisha kutumika yanapita barabarani, huwaza pipa linalovuja. Wazo hilo huniudhi. Kinachopita ni kasha la chuma na risasi ambalo, hata likibeba fito chache tu za mafuta hayo za kwenda kupimwa maabara, laweza kufika tani 20 na ushei.

Ninachokipenda zaidi ni kofia zake. Makasha mengi huvalishwa miisho yote miwili kofia kubwa za bati la chuma, na ndani yake mna mbao, mara nyingi za balsa, mti mwepesi wa Amerika ya Kusini. Vipande hupangwa kwa kufuata mwelekeo wa nyuzi. Ubao ukigongwa kwenye ncha za nyuzi zake, vijumba vidogo vilivyomo hubonyea kimoja baada ya kingine na kumeza kishindo, bila kukirudisha kama mpira. Kofia huharibika, kasha hupona. Moto nao hupata shida: ubao haupitishi joto upesi, na bati huunyima hewa.

Kanuni za Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomiki hutaka kasha la daraja hili listahimili kuangushwa kutoka mita 9, kuangukia nguzo ya chuma, kisha moto wa nyuzijoto 800 za Selsiasi kwa nusu saa. Mita 9 huonekana haba, ila sakafu ya jaribio haibonyei hata kidogo, kwa hiyo kasha hubeba kishindo chote. Barabarani, gari na udongo vingekigawana. Tarehe 17 Julai 1984, huko Old Dalby, Uingereza, treni iliyokwenda kilomita 160 kwa saa iligongeshwa kasha la aina nyingine, la tani zipatazo 50. Kichwa cha treni kilisagika. Kasha lilichubuka, mfuniko ukashika.

Maabara kama ile ya Studsvik, Sweden, hupokea fito hizo ndani ya vyumba vyenye kuta nene na madirisha ya kioo cha risasi. Wataalamu huzikata kwa mikono ya mashine, wakatafuta nyufa na kupima gesi iliyonaswa. Wanaoita kazi hii ubadhirifu wakumbuke: mafuta yakithibitika kuwa yaweza kukaa kinuni muda mrefu zaidi, taka hupungua.

Makasha yanayopita majaribio hayo hubeba pia kobalti yenye mionzi ya mashine za kutibu saratani, vyanzo vya mionzi vya kuua vijidudu kwenye vifaa vya hospitali, na vya viwandani.

Hatari kubwa naiona kwingine, kwenye mashine zilizoachwa bila mwangalizi. Goiânia, Brazili, mwaka 1987, mashine ya tiba iliyoachwa katika kliniki iliyohama ilibomolewa na waokota vyuma. Sesiamu yenye mionzi iliyokuwamo ikaua watu wanne. Kwetu chuma chakavu hupimwa kwenye mizani, kikalipwa, na swali la kilikotoka haliulizwi. Kila hospitali inayostaafisha mashine ya mionzi ingepaswa kuonyesha risiti ya ilikopelekwa.