Programu ikikataa picha za nyota, usiharakishe kuzifuta

KUPIGA picha za anga ya usiku ni kazi ya subira. Mpiga picha hukesha nje kwenye baridi akinasa makumi ya picha za sehemu moja ya mbingu. Baadaye huzitia katika programu maalumu ya tarakilishi, mathalani DeepSkyStacker au Siril, ambayo huzilinganisha na kuziunganisha ziwe picha moja iliyo safi zaidi.

Hapo ndipo wengi hupatwa na fadhaa. Programu hutoa ujumbe kwamba faili haiwezi kufunguliwa, na baadhi yao hukata kauli kuwa picha zimeharibika, wakazifuta. Hilo ni kosa kubwa. Aghalabu picha huwa nzima, ila programu haiuelewi muundo wa faili.

Isitoshe, matukio ya angani hayarudiwi kwa ombi la mtu. Kupatwa kikamilifu kwa jua kulikoshuhudiwa eneo la Turkana mnamo Novemba 3, 2013 kulidumu sekunde chache tu. Aliyefuta picha za tukio kama hilo hana pa kuzipata tena.

Basi mtu aanzie wapi? Kwanza, aifungue faili kwa programu ya kampuni iliyounda kamera yake. Ikifunguka, picha i salama na tatizo liko kwenye programu ya kuunganisha. Ikikataa huko pia, atazame ukubwa wa faili. Iliyo ndogo mno kuliko nyingine, au yenye baiti sufuri, yamkini haikunakiliwa yote. Airudie kadi ya kamera na kunakili upya, na asipige picha nyingine kwa kadi hiyo kabla ya kuziokoa zilizomo.

Chanzo kingine ni kamera kuwa mpya kuliko programu. Mnamo 2018, kampuni ya Canon ilitoa kamera ya EOS M50 iliyohifadhi picha ghafi kwa muundo wa CR3, ilhali programu nyingi za wakati huo zilizoea CR2. Dawa yake ni kupakua toleo jipya la programu. Kubadilisha jina la faili kutoka CR3 hadi CR2 hakusaidii. Ni sawa na kubadilisha jalada la kitabu ukitarajia maneno ya ndani yageuke.

Asiyeweza kupata toleo jipya anaweza kuzigeuza picha ziwe DNG, muundo uliozinduliwa na Adobe mwaka wa 2004, ambao kigeuzi chake hutolewa bila malipo. Asikimbilie JPEG. Muundo huo huhifadhi viwango 256 pekee vya mwangaza kwa kila rangi, ilhali picha ghafi ya biti 14 huwa na viwango 16,384. Mawingu hafifu ya gesi yaliyo mbali hujificha katika tofauti hizo ndogo.

Wanaotumia kamera maalumu za darubini hupata faili za FITS, muundo wa wanasayansi wa anga ulioelezwa rasmi mwaka wa 1981. Faili ya aina hii huanza kwa neno SIMPLE, na idadi ya baiti zake hugawanyika kwa 2,880 bila kusaza. Ikisaza, huenda ilikatika wakati wa kunakiliwa.

Pengine faili zitafunguka lakini programu ikatae kuziunganisha. Hapo achunguze vipimo, kwa kuwa picha zote, zikiwemo zile za giza zilizopigwa kamera ikiwa imefunikwa, zapaswa kulingana kwa upana na urefu.

Zaidi ya yote, faili asilia zihifadhiwe mahali pawili kabla ya kujaribu lolote. Programu inayokataa picha leo huenda ikaisoma toleo lake jipya litokapo, mradi picha yenyewe ingalipo. Wahenga hawakukosea waliponena kwamba akiba haiozi.