Gautrain: Reli ya Uwanja wa Ndege na Bei ya Viti Vitupu

Reli inayounganisha jiji na uwanja wake wa ndege huhudumia makundi mawili ya watu ambao mahitaji yao hayafanani. Kundi la kwanza ni wasafiri wa ndege, wanaopita hapo mara chache kwa mwaka wakiwa na mizigo, wenye hofu ya kuchelewa, na ambao mara nyingi wako tayari kulipa nauli kubwa ilimradi wawe na hakika ya kufika kwa wakati. Kundi la pili ni wafanyakazi wa uwanja wenyewe, yaani wapakiaji wa mizigo, wasafishaji, walinzi, wapishi, wauzaji wa madukani na makarani, wanaokwenda huko kila siku ya kazi kwa zamu zinazoanza alfajiri na kwisha usiku wa manane, na ambao nauli hula sehemu kubwa ya mishahara yao. Namna serikali inavyoyapima makundi haya mawili ndiyo huamua stesheni zijengwe wapi, treni zipite kila baada ya muda gani, nauli iwe kiasi gani na, hatimaye, nani atalipia viti vinavyobaki vitupu. Barani Afrika ni vigumu kupata mfano unaoonyesha jambo hili kwa uwazi kuliko Gautrain ya Afrika Kusini, ambayo tarehe 8 Juni 2010, siku tatu kabla ya kufunguliwa kwa Kombe la Dunia la kandanda, ilianza kubeba abiria kati ya Sandton, kitovu cha biashara cha Johannesburg, na uwanja wa ndege wa kimataifa wa OR Tambo.

Reli hiyo ina urefu wa takriban kilomita 80 na stesheni 10. Njia yake kuu huanzia stesheni ya Park katikati ya Johannesburg, hupita Rosebank, Sandton, Marlboro, Midrand na Centurion, kisha huingia Pretoria na kuishia Hatfield. Tawi la uwanja wa ndege huondokea Sandton kuelekea mashariki kwa kupitia Marlboro na Rhodesfield. Jimbo la Gauteng, lililoupa mradi jina lake, ndilo dogo kuliko majimbo yote ya Afrika Kusini kwa eneo, lakini hutoa takriban theluthi moja ya uchumi wa nchi, na barabara kuu kati ya miji yake miwili mikubwa ilikwisha kuzidiwa na magari muda mrefu kabla ya reli kufikiriwa. Mradi ulitangazwa mwaka 2000, wakati Mbhazima Shilowa alipokuwa Waziri Mkuu wa jimbo, ukaidhinishwa na baraza la mawaziri la taifa mwezi Desemba 2005, na mkataba ukatiwa saini mwezi Septemba 2006 na kampuni ya Bombela, iliyoundwa kwa ubia wa makampuni ya ujenzi, ya utengenezaji wa treni na ya uendeshaji. Kwa hiyo si kweli, kama inavyodhaniwa mara nyingi, kwamba reli hii ilizaliwa na Kombe la Dunia. Wazo lake lilitangulia uamuzi wa mwaka 2004 wa kuipa Afrika Kusini mashindano hayo. Mashindano yaliamua jambo moja tu, nalo ni kwamba tawi la uwanja wa ndege litangulie kufunguliwa, huku njia kuu ya Pretoria ikisubiri hadi Agosti 2011.

Kwa upande wa ufundi, msomaji wa Tanzania ana kipimo cha kulinganishia nyumbani kwake. Gautrain hutumia reli ya geji ya kimataifa, yaani reli ambayo umbali kati ya vyuma vyake viwili ni milimita 1,435, umeme wa volti 25,000 unaopita katika waya ulio juu ya treni, na mwendo unaofikia kilomita 160 kwa saa. Sifa zote tatu ndizo zilizomo katika reli ya SGR iliyoanza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro mwaka 2024. Reli za kawaida za Afrika Kusini, kama ile ya TAZARA, zina geji ya milimita 1,067. Wabunifu wa Gautrain walichagua geji pana kwa kuwa mwendo wa kasi huwa tulivu zaidi juu yake na treni zake huweza kuagizwa kutoka viwanda vingi, lakini uchaguzi huo ulikuwa na gharama iliyojificha, nayo ni kwamba treni mpya haziwezi kupita katika njia za mtandao wa zamani unaohudumia vitongoji vya wafanyakazi, na abiria wa mitandao hii miwili analazimika kushuka, kutoka nje, na kulipa upya. Rhodesfield ilijengwa jirani na reli ya zamani kwa matumaini kwamba mabadilishano hayo yangekuwa mepesi. Katika miaka iliyofuata mtandao huo wa zamani uliharibiwa vibaya na wizi wa nyaya na uporaji wa stesheni, na daraja lililokusudiwa kati ya mitandao miwili likabaki na upande mmoja tu ulio imara.

Ardhi yenyewe ilidai heshima yake. Kati ya stesheni ya Park na Marlboro reli hupita chini ya ardhi kwa kilomita zipatazo 15, na sehemu kubwa ya handaki hilo ilichimbwa kwa kutoboa mwamba, kuujaza baruti na kuulipua, njia ambayo wachimbaji wa dhahabu wa Witwatersrand wameijua kwa zaidi ya karne moja. Karibu na Park, hata hivyo, kwa kilomita zipatazo tatu, ardhi ni laini na imejaa maji, na baruti isingefaa kwa sababu majengo na barabara za juu zingeweza kutitia. Hapo ilitumika mashine ya kuchimba handaki, mtambo mrefu wenye kichwa kinachozunguka na kukwangua udongo, huku ukiusukuma udongo huo urudi kuukandamiza uso wa shimo ili usiporomoke, na nyuma yake ukipanga vipande vya zege vinavyokuwa ukuta wa handaki. Kipande cha Park hadi Rosebank ndicho kilichochelewa kuliko vyote, kwa kuwa maji yaliyokuwa yakipenya handakini yalizidi kiwango kilichokubaliwa katika mkataba, na abiria hawakuruhusiwa kupita hadi Juni 2012. Mgogoro kuhusu nani abebe gharama ya maji hayo ulifikishwa mbele ya wasuluhishi, na hapo umma ukaona kwamba hata tone la maji, katika mkataba wa namna hii, lina mwenyewe na lina bei.

Huko Centurion tatizo lilikuwa la namna nyingine na la hatari zaidi. Mji huo umekaa juu ya dolomaiti, mwamba ambao huyeyuka polepole sana unapopitiwa na maji ya mvua yenye asidi kidogo, ukaacha mapango yasiyoonekana kwa juu. Maji ya ardhini yakishuka, au bomba likivuja kwa muda mrefu, udongo uliofunika pango huweza kudidimia ghafla na kuacha shimo lenye upana wa kumeza nyumba. Wahandisi waliipitisha reli juu ya madaraja marefu ya zege, wakachunguza ardhi ya kila nguzo peke yake, na mahali pengine wakajenga misingi mikubwa iliyoshuka kina kirefu kutafuta mwamba mzima. Kazi hii haionekani na abiria anayepita juu yake akisoma gazeti, na inastahili kutajwa kwa sababu mjadala wa gharama za reli mara nyingi huanzia kwenye mabehewa na majengo ya stesheni, ilhali fedha nyingi huzikwa pasipoonekana.

Gharama ya ujenzi ilizidi randi bilioni 25, na sehemu yake kubwa kabisa ilitoka katika hazina ya umma. Jambo hili lina uzito, kwani mradi uliitwa wa ubia kati ya serikali na sekta binafsi, yaani mpango ambao kampuni hujenga, huendesha na kutunza miundombinu kwa muda maalumu huku ikibeba baadhi ya hatari. Hatari kuu katika reli yoyote ya mjini ni abiria kutofika kwa idadi iliyotarajiwa. Katika Gautrain hatari hiyo iligawanywa kwa kifungu kinachoitwa dhamana ya abiria: mkataba ulitaja kiwango cha chini cha mapato ambacho mwendeshaji anapaswa kukipata, na mapato halisi yakipungua chini ya hapo, serikali ya jimbo hulipa tofauti. Abiria walikuja, lakini si kwa wingi uliokadiriwa, na malipo ya dhamana yakapanda hadi kuzidi randi bilioni moja kwa mwaka, hata kabla ya janga la UVIKO-19, ambalo lilizisimamisha treni mwezi Machi 2020 na kuwaacha wafanyakazi wengi wa ofisini wakifanyia kazi nyumbani.

Haifai kuhukumu haraka kwamba dhamana ya namna hii ni wizi. Pasipo kifungu hicho huenda benki zisingekopesha, na kampuni yenye busara isingekubali kubeba peke yake hatari ya makadirio ambayo haikuyaandika. Kasoro iko katika mwelekeo ambao dhamana huupa uendeshaji. Mwendeshaji ambaye kiti kitupu kimekwisha kulipiwa na serikali hana njaa ya kukijaza. Hasukumwi kupunguza nauli ili kuvuta watu wapya, wala kurefusha saa za huduma, wala kuvumilia abiria mwenye kipato kidogo. Na kwa kuwa fedha za dhamana hutoka katika bajeti ileile inayogharimia barabara za vitongoji, hospitali na shule za jimbo, mkazi wa Soweto, ambako Gautrain haifiki kabisa, huchangia kiti cha mfanyabiashara wa Sandton bila kuulizwa. Hili ndilo jeraha la mradi, nalo ni zito zaidi katika nchi ambayo utawala wa ubaguzi wa rangi uliwapanga watu weusi mbali na kazi kwa makusudi, na ambayo wengi wao bado husafiri kwa teksi za abiria wengi zinazofanana na daladala za Dar es Salaam na matatu za Nairobi.

Muundo wa nauli na ratiba unathibitisha kwamba kundi la pili la abiria, lile la wafanyakazi wa uwanja, halikuwa mbele katika mawazo ya waliopanga. Katika treni za tawi la mashariki yalitengwa mabehewa ya wasafiri wa ndege, yenye nafasi ya mizigo, na nauli ya kuingia uwanjani ikawekwa juu sana kuliko ile ya kuishia Rhodesfield, stesheni iliyotangulia, ingawa umbali kati yake ni mdogo. Tozo ya namna hii ina mantiki yake, kwa kuwa msafiri wa kimataifa aliyenunua tiketi ya ndege hatashindwa na nauli ya treni, na fedha yake huweza kusaidia huduma ya wengine. Lakini treni huanza karibu saa 11:30 alfajiri na kusimama usiku ukiwa bado mchanga, na mfanyakazi wa zamu ya alfajiri au ya usiku, hata akipunguziwa nauli, hana treni ya kupanda.

Miji mingine imepata somo hilo kwa njia tofauti. Mjini Delhi reli ya haraka ya uwanja wa ndege, yenye urefu wa kilomita zipatazo 23, ilifunguliwa mwezi Februari 2011 chini ya mwendeshaji binafsi, ikasimama mwezi Julai 2012 kwa sababu ya kasoro za kiufundi katika madaraja, na katikati ya mwaka 2013 ikaangukia mikononi mwa shirika la umma la metro. Shirika hilo lilipopunguza nauli, abiria waliongezeka. London ilianza mwaka 1998 na treni ya haraka na ya bei ghali inayofika Paddington kutoka Heathrow kwa dakika 15, lakini tangu mwaka 2022 imekuwa pia na reli ya Elizabeth, iliyo na mwendo wa chini kidogo na stesheni nyingi zaidi, inayompitisha abiria hadi katikati ya jiji. Kipimo cha safari ni muda wote kutoka mlangoni hadi mlangoni: kutembea hadi stesheni, kusubiri, kupanda, kubadilisha, kutembea tena. Treni inayopita kila baada ya nusu saa humsubirisha abiria asiyejua ratiba dakika 15 kwa wastani, muda unaotosha kuila faida yote ya kasi.

Pamoja na hayo yote, Gautrain imeonyesha kwamba jiji la Kiafrika linaweza kuendesha reli ya umeme inayotunza wakati, safi na salama, mwaka baada ya mwaka, na ujenzi uliochipuka kuzunguka stesheni za Rosebank na Sandton unaonyesha jinsi reli inavyoweza kubadili ramani ya mji. Kinachopaswa kusahihishwa ni mkataba. Ule wa Bombela uliandikwa umalizike mwaka 2026, na kwa kuwa mahandaki, madaraja na treni ni mali ya jimbo, Gauteng haina deni la kumpa mwendeshaji yeyote ahadi ileile tena. Nairobi na Dar es Salaam, ambazo viwanja vyake vya ndege bado hufikiwa kwa barabara, zina nafasi ya kuyatazama maandishi hayo kabla ya kutia saini ya kwao. Wabunge na madiwani wa miji hiyo, siku watakapoletewa mpango wa reli ya uwanja wa ndege, waombe kwanza ukurasa unaotaja nani analipa iwapo abiria hawatafika, kisha waombe ratiba ya treni ya kwanza ya alfajiri, na wasiupitishe mpango kabla ya kuviona vyote viwili.