Ghala Kubwa na Njia Nyembamba: Vizazi vya Mashine za Michezo ya Televisheni

Mwezi wa Machi 1872 Henry Stanley aliondoka Kwihara, karibu na mji wa Tabora, akarudi pwani. David Livingstone alibaki hapo akingojea wapagazi ambao angepelekewa kutoka pwani. Hawakufika mpaka mwezi wa Agosti. Nia ya safari alikuwa nayo, na nyumba ya kukaa na kuweka mizigo ilikuwapo. Kilichokosekana ni wachukuzi.

Mwanafunzi wa Ntalikwa, au wa kata nyingine yoyote ya Tabora, amekulia katika nchi ya misafara. Kwa hiyo hatapata taabu kuelewa jambo linalowababaisha wengi: kwa nini mashine mpya, yenye tarakimu kubwa kuliko ya zamani, huweza kumngojesha mchezaji kwa muda mrefu zaidi.

Mashine ya mchezo wa televisheni ina sehemu tatu zinazotuhusu hapa. Ya kwanza ni prosesa, yaani fundi anayepiga hesabu zote. Ya pili ni kumbukumbu, yaani ghala lililo karibu na fundi, ambamo huwekwa vitu anavyovihitaji sasa hivi. Ya tatu ni hifadhi, kama vile kaseti, sahani au diski, ambamo mchezo wote umelala. Hifadhi ni pwani. Kumbukumbu ni ghala la Tabora. Na kati yake ipo njia ya wapagazi.

Mashine ya kwanza kuuzwa kwa matumizi ya nyumbani, Magnavox Odyssey ya mwaka 1972, haikuwa na prosesa wala kumbukumbu. Iliundwa kwa transista na dayodi, haikutoa sauti, na wachezaji walibandika karatasi za plastiki zenye rangi juu ya kioo cha televisheni ili kupata picha ya uwanja. Mwaka 1977 ilitokea Atari 2600. Prosesa yake ilipiga mapigo milioni 1.19 kwa sekunde, na kumbukumbu yake ilikuwa baiti 128 tu, yaani nafasi isiyotosha kuhifadhi hata aya hii moja. Kwa kuwa picha nzima haikuweza kuwekwa ghalani, watunzi wa michezo walilazimika kuichora mstari baada ya mstari, wakifuatana na mwendo wa mwali wa televisheni. Famicom ya Nintendo, iliyotolewa Japani mwaka 1983, ilikuwa na kilobaiti 2 za kumbukumbu ya kazi.

Mashine hizo mbili za mwisho zilitumia kaseti, ambayo prosesa huisoma moja kwa moja. Njia ilikuwa fupi, lakini mzigo ulikuwa mdogo. Tofauti hiyo ilidhihirika baadaye. Nintendo 64 ya mwaka 1996 ilikuwa na prosesa ya mapigo milioni 93.75 kwa sekunde, wakati ile ya PlayStation ya mwaka 1994 ilikuwa na milioni 33.9 hivi. Hata hivyo kaseti kubwa kabisa za Nintendo 64 zilibeba megabaiti 64, na sahani moja ya PlayStation ilibeba takriban 650. Mchezo wa Final Fantasy VII, uliotolewa mwaka 1997 kwa sahani tatu, ulikwenda PlayStation. Fundi mwepesi hakutosha.

Lakini sahani nayo ina gharama yake: husomwa polepole. Hebu tupige hesabu. Tugawe ukubwa wa ghala kwa kasi ya wapagazi, tupate muda wa kulijaza ghala lote. Ikumbukwe kwamba mchezo si lazima ujaze ghala zima. Hesabu hii ni ya kulinganisha tu.

PlayStation (1994): megabaiti 2, kwa kilobaiti 300 kila sekunde, sekunde 7 hivi.
PlayStation 2 (2000): megabaiti 32, kwa megabaiti 5.3 hivi kila sekunde, sekunde 6.
PlayStation 3 (2006): megabaiti 512, kwa megabaiti 9 kila sekunde kutoka kwenye sahani, sekunde 57.
PlayStation 4 (2013): gigabaiti 8, kwa takriban megabaiti 100 kila sekunde kutoka kwenye diski inayozunguka, sekunde 80 hivi.
PlayStation 5 (2020): gigabaiti 16, kwa gigabaiti 5.5 kila sekunde. Sekunde 3 hivi.

Tazama jinsi ghala lilivyokua mara 256 tangu mashine ya kwanza hadi ya tatu, huku njia ikipanuka mara 30 tu. Ndiyo maana kungoja kuliongezeka. Mashine ya tano ilivunja mwiko huo kwa kuacha diski inayozunguka na kutumia chipu za kuhifadhia, zisizo na kitu kinachotembea. Katika vibanda vya michezo mijini, ambako kijana huweza kulipia muda, sekunde hizo ni fedha.

Mafunzo haya hayaishii kwenye michezo. Shule nyingi hupokea kompyuta kuukuu, na mara nyingi husemwa kuwa hazifai kwa sababu ni nzito. Kabla ya kuzitupa, mwalimu na wanafunzi wapime: je, fundi amechoka, ghala limejaa, au wapagazi ni wachache? Ikiwa prosesa inakaa bure huku taa ya diski ikiwaka bila kuzima, ugonjwa uko njiani. Na ikiwa kumbukumbu bado ina nafasi, kubadili diski inayozunguka kwa diski ya chipu huweza kuirudisha mashine kazini kwa gharama ndogo kuliko kununua mpya.

Livingstone alipopata wapagazi, aliondoka Kwihara mwezi ule ule wa Agosti. Ghala halikuwa limeongezwa hata chumba kimoja.