Ujira Hautoki kwa Mtafuta Kazi

Ndugu katika imani, binti zetu wengine huelekea Kitengela, Kaunti ya Kajiado, wakitumai kushona nguo katika viwanda vya EPZ vilivyo jirani, Athi River. Tapeli huvizia tumaini hilo: hutuma ujumbe wa kazi, kisha hudai ada ya fomu au sare kwa M-Pesa, siku hiyo hiyo. Mama huuza bangili zake, na kazi haionekani.

Katika ijara, mwajiri ndiye mtoa ujira, tena kabla jasho halijakauka. Anayemtoza asiyeanza kazi ameupindua mkataba. Binti asitume hata shilingi. Aulize langoni mwa kiwanda, au athibitishe kwa Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira kwamba wakala amesajiliwa. Aliyekwisha kutapeliwa tusimkemee. Aibu ikimnyamazisha, tapeli atamwendea jirani.