Zimwi Lisilosema Halitishi

Wahenga waliponena kwamba zimwi likujualo halikuli likakwisha, walikuwa wamemfahamu kiumbe huyu kuliko wengi wetu tunaomfundisha leo madarasani. Methali hiyo yachukulia kuwa zimwi lina kumbukumbu, lina mazoea na watu fulani, na hata lina kiasi katika ulaji wake. Mlinganishe huyo na zimwi la insha za wanafunzi wetu: jitu lenye jicho moja na makucha marefu, hutokea msituni ghafla, hunguruma, hukatwa kichwa, na hadithi ikaishia hapo. Mwalimu huandika pambizoni neno "vizuri" na kufungua daftari jingine.

Udhaifu huu si wetu peke yetu. Mwaka 1974 Wamarekani wawili, Gary Gygax na Dave Arneson, walichapisha mchezo uitwao Dungeons & Dragons. Wachezaji huketi kuizunguka meza, kila mmoja akajitwalia mhusika na kumsemea. Mmoja wao huwa msimulizi: ndiye aelezaye mahali, ndiye anenaye kwa vinywa vya maadui. Jambo likiwa na shaka, dadu hurushwa. Waama ni jambo lililo karibu mno na utambaji wa ngano, ila hapa hadhira nayo hushika usukani.

Mnamo 1977 kilitoka kitabu cha mchezo huo, Monster Manual, kilichoorodhesha viumbe wa kutisha kutoka ngano za mataifa mengi. Kila kiumbe alipimwa kwa tarakimu: ana uhai kiasi gani, ngozi yake ni ngumu vipi, pigo lake laumiza kadiri gani. Kwa mchezo, hesabu hiyo ni ya lazima. Hata hivyo, mchezaji aliyezoea tarakimu huacha kuogopa, akaanza kutoa na kujumlisha. Zimwi lililowanyima watoto usingizi kizazi baada ya kizazi likawa kama mti wa kukatwa: hupigwa mpaka likaanguka, kisha hazina yake ikagawanywa.

Wapo walioligundua jambo hili mapema. Tracy Hickman na mkewe Laura walichoshwa na mnyonya-damu aliyewekwa katika chumba cha handaki bila sababu yoyote ya kuwapo pale. Wakajiuliza: huyu anafanya nini hapa? Jawabu lao lilichapishwa mwaka 1983 kwa jina Ravenloft. Humo Strahd, mwenye ngome, alimuua nduguye kwa kumtamani bibi arusi wake, naye mwanamke huyo akajitupa kutoka ukutani asipate kushikwa. Wachezaji huaguliwa kwa karata mwanzoni, na karata hizo huamua Strahd anatafuta nini safari hii. Tarakimu zake zipo, lakini wachezaji hukumbuka zaidi kwamba alikuwa na haja.

Je, tunahitaji kwenda Marekani kujifunza hayo? La hasha. Ichukue ngano ya Agikuyu ya mhunzi na irimũ, ambayo walimu wengi waliisikia utotoni. Mhunzi yuko mbali kiwandani anakofulia vyuma. Mkewe amejifungua, hana nguvu, na zimwi limejifanya mkunga na mwuguzi wake. Lapika chakula, lamsogezea mzazi, na kabla mkono wake haujafika lamwambia kwamba yaonekana hataki, basi litakula lenyewe. Kesho vivyo hivyo.

Nijuavyo mimi, katika ngano zetu hakuna adui aliyetungwa kwa ustadi kumpita huyu. Angeweza kummeza mama yule siku ya kwanza. Badala yake anataka ionekane kwamba mwenyewe amekataa kula. Anaua kwa adabu. Msomaji aliyewahi kuketi mbele ya karani mwenye tabasamu, akaambiwa kwamba bila shaka hakuihitaji sana ile huduma, atalitambua zimwi hili mara moja. Nalo lina mpaka wake: si mwerevu kiasi cha kumshuku njiwa anayedonoa mbegu za mbarika uani. Ndiye njiwa anayekula mbegu zile kama ujira, kisha akaruka hadi kwa mhunzi kumwimbia habari za nyumbani, huku akifukuzwa mpaka alipoeleweka.

Sasa msimulizi aiweke ngano hiyo mezani. Mchezaji mmoja awe mama, mwingine njiwa, wengine wahunzi. Mbegu za mbarika ziwe kadhaa tu, na kila safari ya njiwa igharimu sehemu yake. Kila mlo unaonyimwa umpunguzie mama nguvu. Zimwi lisipigane na mtu hata kidogo. Lizungumze tu, tena kwa upole, likimwita mgonjwa wake kwa majina ya heshima. Dadu ya mchezo wa ludo yatosha kuamua kama wahunzi wamemwelewa ndege au wamemfukuza kwa mawe. Nadhani darasa zima litanyamaza.

Walimu wa fasihi huwafundisha wanafunzi kutofautisha mhusika bapa na mhusika duara, kisha zimwi likatiwa katika kundi la bapa bila kuhojiwa. Sikubaliani na desturi hiyo. Irimũ ajaye ngomani kwa sura ya kijana mtanashati, huku amekificha kinywa cha pili kisogoni chini ya nywele, ana nyuso mbili kwa maana halisi ya neno hilo. Wahindi nao wana rakshasa ajivikaye umbo la mtu unayemwamini. Hata kile kitabu cha 1977 kilimhifadhia hila hiyo. Binti anayeambiwa kuwa hatari huja ikinguruma ataitambuaje ile inayokuja imevaa vizuri, ikitoa zawadi, ikiahidi kumsomesha? Ngano ilijua. Sisi ndio tulioifupisha ili ienee katika kipindi cha dakika 40.

Kuna tahadhari moja. Si kila kiumbe wa kutisha ni wa ngano. Mwaka 1995 hofu ya popobawa ilipozikumba Pemba na Unguja, watu walilala nje kwa makundi, na hawakuwa wakicheza. Majini nao, kwa wanafunzi wengi wa pwani na kwingineko, ni sehemu ya imani. Mwalimu mwenye busara ataliuliza darasa lake kwanza, na ataviacha vilivyo hai katika mioyo ya watu.

Nunda, kwa upande wake, hana ubishi. Kisa chake kilichapishwa London mwaka 1870 katika mkusanyo wa Edward Steere wa hadithi za Kiswahili. Paka wa Sultani Majnuni alikula ndama, raia wakalalamika, Sultani akawajibu kwamba mla na mliwa wote ni mali yake. Paka akaendelea na wanyama wakubwa zaidi, kisha watoto wa watu, kisha watu wazima. Siku alipowala wana watatu wa Sultani mwenyewe, ndipo ikakubalika kwamba huyo si paka tena. Mwana wa mwisho alipotoka kumsaka, alikuwa akimletea mama yake mnyama mmoja baada ya mwingine, naye mama akimwambia kila mara kuwa siye.

Katika mchezo, kosa litakuwa kuanza na ule usakaji. Msimulizi aanze na ndama. Wachezaji wawe watu wa baraza, wanaokula mkate wa Sultani na wenye watoto wa kulisha. Paka bado ni mdogo. Mtu mmoja mwenye rungu angemmaliza leo jioni, bila kurusha dadu. Lakini amelala mapajani mwa Sultani, naye Sultani anampapasa huku akiuliza kama kuna mwenye shauri.